Mkono Wako Ulifika Mumbai, Mjomba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kuzungumza nawe bila shikamoo na sitaanza leo eti kwa sababu umelala chini ya udongo. Ungekuwa hai ningekuja uani kwako nikusimulie uso kwa uso, nawe ungenikatiza kila baada ya sentensi mbili ukiuliza mambo yasiyohusu. Safari hii utanisikiliza mpaka mwisho.

Nilikwenda India. Ndiyo, mimi, Zai wako, uliyekuwa ukisema siwezi kufika Dumila bila kuuliza njia mara tatu. Nilikwenda Mumbai kuzitafutia mnunuzi karafuu zetu, nimerudi mzima, na baada ya kurudi kuna jambo nimelifanya ambalo nataka ulisikie kutoka kinywani mwangu. Wapo hapa kijijini wanaosema nimekuvunjia heshima. Wewe utaamua.

Nikukumbushe kwanza ulituacha katika hali gani. Ulikuwa umemaliza kuvuna, karafuu zako zimekauka, magunia manne yameshonwa na kusimamishwa ukutani. Homa ikakushika siku nne, ya tano tukakuzika. Shamba likabaki kwa Mama na kwangu, kama ilivyo kwenye ukoo wetu unaofuata upande wa mama, na wanao hawakulalamika kwa sababu nao wana la mama yao. Tulipomaliza arobaini tu, dalali akapanda mlima. Yule yule, na debe lake lile lile alilolipiga nyundo kitako mpaka likatoka tumbo.

Sijui siku ile nilipata wapi sauti. Kikundi chetu cha wakulima kilikuwa kimekaa mbele ya ghala, kaya ishirini na saba, watu wako wote unaowajua. Nikasimama nikasema tusimpe. Karafuu zikae ghalani, mimi nitatafuta mnunuzi wa kununua moja kwa moja kutoka kwetu. Wengine waliitikia, wengine walinung'unika, lakini mwisho wakakubali, na dalali akateremka na lori tupu. Tangu siku ile kila niliyekutana naye njiani aliniuliza habari za mnunuzi kabla hata ya kuniamkia. Nilijua nikishindwa, watu hao watamfuata dalali hadi mjini wakiwa wameinamisha vichwa, naye atawaonyesha. Na magunia yako manne yangekuwa miongoni mwa ya kuombea radhi.

Mnunuzi nilimpata kwa jina tu, kwenye maonyesho ya Nane Nane pale mjini. Mtu mmoja alinipa anwani ya kampuni ya viungo Mumbai, nikaandika, nikajibiwa na mwanamke anayeitwa Meena. Barua yake ilikuwa fupi. Alitaka pakiti kumi za kilo moja moja, kutoka kwa wakulima kumi tofauti, kila pakiti imeandikwa uzito wake, na nizilete mwenyewe kama nina nia ya kweli. Nilikuwa nayo. Kikundi kikachanga nauli, Mama akauza mbuzi wake wawili, nami nikaazima mzani mzuri wa mwalimu wa sekondari.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Nilipima kila pakiti ikasoma kilo moja barabara. Nikaandika. Kisha kabla ya kufunga, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye rundo, ukachota kiganja, ukamwagia juu. Pakiti zote kumi. Sikufikiri hata kidogo. Kama ungeniuliza wakati ule ningesema, sasa mgeni wa mbali vile nitampelekeaje kilo kavu, bila nyongeza?

Unajua nilikojifunzia. Nilikuwa na miaka saba au minane, wewe uko juu ya mkarafuu na kijiti chako chenye kulabu, sisi watoto tuko chini na Mama tunachambua vikonyo, vidole vimekuwa vyeusi. Jirani akaja na bakuli kutaka kibaba cha karafuu za mgonjwa wake. Nikampimia, nikasawazisha juu kwa kiganja kama nilivyoona dukani, nikajiona fundi. Ukaita kutoka juu, hata sikujua kama ulikuwa unaniona.

"Zai, mtu hatoki kwetu na kipimo tupu. Ongeza."

Nikaongeza. Tangu hapo sijawahi kumpimia mtu kitu chochote, mahindi, maharage, hata chumvi, bila kuongeza kiganja cha juu. Sikuwahi kudhani ni jambo la kufikiriwa.

Treni ya umeme ilinichukua kutoka Morogoro, na Ngerengere tulipita nikiwa bado sijamaliza kuipanga mikoba yangu miguuni. Dar nikapanda ndege. Sitakuchosha na ndege, ila ujue kwamba niliukumbatia mfuko wa karafuu njia nzima, na mtu niliyekaa naye alipiga chafya mpaka tukatua.

Sisi Morogoro tunajiita mji kasoro bahari. Mumbai bahari wanayo, na kila kitu kingine wanacho mpaka kinamwagika. Nilipotoka nje ya uwanja joto lilinipiga kama la mwezi wa pili, na kitu cha kwanza kunikaribisha kilikuwa bajaji. Bajaji, Mjomba, nyeusi na njano, mamia kwa mamia, zinachomekana kama zile za stendi ya Msamvu. Nilicheka peke yangu njiani. Niliingia ndani yake nikiwa na raha ya mtu aliyekutana na jirani ugenini, na dereva naye akanizungusha kama jirani anavyoweza kukuzungusha.

Honi ndizo zilizonishangaza. Mwanzo nilidhani watu wamekasirika wote kwa pamoja. Baadaye nikaelewa kwamba wanapiga honi kama sisi tunavyokohoa kabla ya kuingia uani kwa mtu, kumjulisha tu kwamba nipo. Kuvuka barabara kulinishinda. Nilisimama ukingoni nikisubiri magari yapungue, na hayakupungua. Mama mmoja mwenye sari ya kijani akanishika kiwiko, akanivusha akiwa anaongea na simu, akaniacha upande wa pili bila hata kunitazama. Nilimwambia ahsante, mgongoni. Nikanunua chai kwenye kijibilauri kidogo kama kikombe cha kahawa, tamu, imejaa tangawizi na iliki, nikamwomba muuzaji aongeze. Akacheka, akaniuzia ya pili.

Soko la viungo nililinusa kabla sijaliona. Niliteremka kwenye bajaji na harufu ya karafuu ikanijia katikati ya moshi na jasho, na kwa muda nikakusikia kabisa ukikohoa pale karibu yangu. Wapagazi wanapita na magunia kichwani, hawapishi mtu, wanaimba neno moja tu la kukuambia utoke njiani. Kuna vichochoro virefu vya pilipili nyekundu ambavyo huwezi kupita bila kulia machozi. Mdalasini wanauita dalchini, na nilipolisikia neno hilo nikapata moyo, nikajiona nimefika kwa watu ambao tungeweza kuelewana.

Meena alikuwa mwanamke wa rika langu, miwani puani, simu mbili mezani. Nilianza kama ulivyonilea. Nikamuuliza habari za asubuhi, za nyumbani, za wazazi, za kazi. Alinitazama kama niliyemwomba namba ya kitambulisho chake. Kisha akanyoosha mkono akaomba pakiti.

Akaweka ya kwanza kwenye mzani. Akatazama nilichoandika, akatazama mzani. Akaweka ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi, kila moja na uzito wake. Na mimi, Mjomba, nilikuwa nimekaa pale natabasamu. Nilikuwa nangoja ashukuru.

"Karatasi inasema kilo moja," akasema. "Mzani unasema kilo moja na gramu themanini, hii sitini, hii tisini. Ama karafuu zenu zimevuta maji, ama hamjui kupima. Yote mawili siyataki."

Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, na hapo kilinikimbia chote. Nilisema zawadi, nikasema heshima, nikaonyesha kwa kiganja. Yeye alikwisha kuzisukuma pakiti upande wangu na kumwita mtu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni. Haikuchukua dakika kumi.

Nilitoka nikakaa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, mchana kweupe, pakiti mapajani. Watu walipita mbele yangu wengi kuliko niliowahi kuwaona maishani, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kaya ishirini na saba zimekaa juu ya mlima zinaningoja mimi. Kwanza nilimkasirikia Meena. Nilimtukana kwa Kiluguru, na nilifurahi kwamba hapo hakuna wa kunielewa. Hasira hiyo ilipoisha nikagundua ipo nyingine chini yake, na hiyo ilikuwa ya kukukasirikia wewe.

Nilikumbuka msimu wako wa mwisho. Dalali alikuja na debe lake lenye tumbo, sote tunajua limeongezwa, wewe mwenyewe unajua. Ukalijaza mpaka juu. Akalitikisa ili zishuke, ukajaza tena. Na lilipojaa mara ya pili, ukachota kiganja chako kile kikubwa ukamwagia juu, mtu anayekuibia mbele ya macho yako. Yeye hata hakutazama. Tukiwa njiani nilikuuliza kwa nini, ukanijibu kwamba ubaya wa debe ni wake, wewe unaangalia mkono wako tu. Nilikupenda sana kwa neno lile. Nilikukasirikia pia, nikanyamaza kwa sababu wewe ni mjomba wangu. Pale kibarazani sikunyamaza tena. Nilikuambia yote, kwa sauti, na muuza chai wa hapo jirani akanisogelea kuangalia kama niko sawa.

Nikanywa chai yake. Nikajiuliza jambo moja: karafuu hizi ni kavu au si kavu? Ni kavu. Kabla ya kupima, Mama na mimi tulizigeuza zote juani siku tano, tunazianua kila wingu likitokea. Basi sikuwa na cha kuombea huruma. Nilikuwa na cha kuonyesha, na sikuwa na haja ya Kiingereza kingi kwa hilo.

Kesho yake nilifika kabla Meena hajafungua kufuli. Nikamwambia anipe mzani wake nusu saa, na baada ya hapo nikiondoka hataniona tena. Akatazama saa yake, akanipa.

Nikafungua pakiti ya kwanza, nikaimimina kwenye sinia. Nikachukua karafuu moja nikaikunja karibu na sikio lake, ikakatika kwa mlio. Yeye akachukua nyingine, akaichagua mwenyewe kutoka chini kabisa, akaibonyeza kichwa kwa ukucha mpaka mafuta yakatoka, akanusa, akaikunja. Ikakatika. Akafanya hivyo kwa pakiti nne, kisha akaacha, akakaa akinitazama. Ndipo nikaanza kupunguza. Nikatoa kidogo kidogo mpaka mzani ukasoma kilo moja, nikaweka kando, nikafungua nyingine. Sitakuficha, mkono ulikuwa mzito. Ulikuwa unanikatalia kama punda. Zote kumi zilipomalizika, zilizobaki kwenye sinia zilikuwa rundo la kujaza viganja viwili mara kadhaa.

Aliniuliza kwa nini nilizidisha. Nikamweleza habari zako, wewe juu ya mti, jirani na bakuli lake. Maneno yakiniishia nilionyesha kwa mikono. Alinisikiliza bila kugusa simu hata moja.

"Angekuwa jirani yangu ningefurahi," akasema. "Lakini mimi nanunua kwa watu nisiowaona. Nina karatasi yao tu. Ikidanganya leo kwa kuzidisha, nitajuaje kama kesho haidanganyi kwa kupunguza?"

Swali hilo nimerudi nalo, Mjomba, na bado naliwaza. Yeye akachukua mfuko, akamiminia zile zilizobaki kwenye sinia, akaufunga na kuuweka mbele yangu. Nikamwambia abaki nazo. Akatikisa kichwa, akasema hakuziagiza, ni zangu.

Nimeuza karafuu pamoja nawe zaidi ya miaka ishirini. Sijawahi kumwona mnunuzi akirudisha kilichozidi. Nilisaini makubaliano, nikatoka mpaka kwenye ngazi, nikalia, na sikulia kwa huzuni. Alikubali kuchukua mzigo wote uliopo ghalani, kwa sharti moja: kila gunia kilo hamsini, si pungufu, si zaidi. Mzigo ukifika ulivyoandikwa, msimu ujao atakuja mwenyewe kuona mikarafuu. Ukifika vingine, tusiandikiane tena.

Nilirudi, na Jumamosi asubuhi kikundi kikakaa mbele ya ghala. Nilipowaambia mzigo umepata mwenyewe, vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Kisha nikawaambia sharti. Magunia yote yalikuwa yamejazwa kama tulivyozoea, mpaka juu na mkono wa mwisho, na sasa nilikuwa nawaambia tuyafumue na kupunguza. Mmoja akasema tutaonekana tumekuwa wachoyo. Mwingine akasema akikumbuka wewe ulivyokuwa, hili ni aibu. Halafu yule bibi jirani yako, ambaye nampenda, akauliza swali nililojua litakuja.

"Mjomba wako angesema nini?"

Nikasema, "Mjomba hayupo, na magunia yake yamo humu. Tuanze na ya kwake."

Tukaliweka la kwanza kwenye mzani mkubwa tuliouazima. Kilo hamsini na tatu. Nikakata uzi, mdomo wa gunia ukafunguka, na hakuna aliyesogea. Watu wazima wote wale, Mjomba, hakuna aliyetaka kuingiza mkono wake mahali ulipopita wa kwako. Mimi nilikuwa nasimamia mzani, nikaona nami siwezi.

Mama ndiye aliyeinuka. Alichukua ungo, akapiga magoti mbele ya gunia la kaka yake, akaanza kuchota. Alichota taratibu, akitazama mzani, mpaka nikamwambia basi. Akaenda kwenye la pili bila kuambiwa. Baada ya hapo wengine wakaja, kila mtu na magunia yake, na kazi ikaenda. Mpaka adhana ya alasiri inasikika tulikuwa tumemaliza ghala zima, na zile zilizozidi, tulizozikusanya turubaini, zilijaza gunia kamili na jingine likafika nusu.

Mama alilitazama gunia lile kwa muda mrefu. "Kumbe kila mwaka tulikuwa tunampa dalali gunia zima," akasema, "na alikuwa hasemi hata ahsante." Akajifunika uso kwa khanga, akalia kidogo kwa ajili yako, halafu akaomba sindano ya kushonea.

Jirani akija mlangoni na bakuli, bado naongeza. Hilo sitaliacha mpaka nikufuate huko uliko, na watoto wangu nawafundisha hivyo hivyo. Lakini ghalani hapana. Nimewaambia wanakikundi wote, na atakayetaka kubishana aje kwangu, si kwa Mama. Nakukumbuka sana, Mjomba. Nakukumbuka hasa nikiwa na habari njema, kwa sababu hakuna mtu aliyejua kuzifurahia kama wewe. Sikuombi radhi, ila ningependa sana kujua kwamba hukukasirika.

Lori liliposimama nje, lililobaki kushonwa lilikuwa lako la nne, nililoliacha la mwisho kwa makusudi. Nililishona mimi. Mzani ulisoma hamsini, mkono ukaenda kwenye zile zilizozidi kama kawaida yake, nikaurudisha. Sikuongeza kitu.

Pumzika, Mjomba. Mzigo umeshateremka mlima.

Mpwa wako, aliyekukatalia mara hii moja tu,
Zai